Tuisheni ya matriksi Tudor: mwalimu safi, feni mbovu

Mimi ni karani wa mizigo, nasoma jioni, na matriksi (majedwali ya namba) zilinitia aibu kwenye mtihani. Zile zenye safu za 1, x, x² nilikuwa nazitafutia kinyume (matriksi ambayo ukizidisha nayo unapata 1 kwenye mshazari na sifuri kwingine kote) kwa kupunguza safu moja baada ya nyingine, kurasa tatu nzima. Nikisahau alama moja ya kutoa, kazi yote imekwenda na maji. Mwenzangu kazini akanielekeza kwa mwalimu mmoja hapa Tudor, Mombasa, chumba cha juu, Jumamosi baada ya adhuhuri. Shilingi 400 kwa saa mbili.

Matriksi hata hakuzigusa mwanzo. Aliandika ubaoni nukta 1, 2, 3, yaani thamani za x, akaniambia, "Dada, nipe polinomia inayotoa sifuri kwa 1 na kwa 3, lakini kwa 2 itoe 1." Nikaandika (x − 1)(x − 3). Kwa 2 inatoa −1, nikaigawanya kwa −1, yaani nikageuza alama: −3 + 4x − x². "Basi nguzo ya kati ya kinyume chako ndiyo hiyo." Sikumwamini. Nikachukua namba zake −3, 4, −1, nikazidisha na safu ya 1, 2, 4 (x ikiwa 2) moja kwa moja na kujumlisha: jibu 1. Na 1, 1, 1: sifuri. Na 1, 3, 9: sifuri. Wallahi nilicheka peke yangu. Nguzo mbili zilizobaki nilizipata kabla chai haijapoa. Kijana wa nyuma akauliza je, nukta mbili zikilingana? Akaambiwa agawanye mwenyewe aone. Akakuta sifuri chini, akanyamaza.

Lawama yangu ni moja. Nyumbani nilijaribu nukta 1 hadi 20 kwenye kompyuta, nikazidisha matriksi na kinyume chake, zikatoka takataka. Wiki iliyofuata ndipo anaeleza kwamba nukta zikiwa nyingi hivyo, makosa madogo ya desimali huvimba, na kama unachotaka ni polinomia inayopita kwenye nukta hizo tu, kinyume achana nacho, tumia njia ya Newton ya kugawanya tofauti, inayoijenga polinomia nukta moja moja. Sasa hilo si angelisema siku ile ile ya kwanza?

Feni inazunguka ikitaka, na mwezi wa pili joto la chumba kile si mchezo. Kaa dirishani. Karatasi beba zako, za pale zinauzwa shilingi 5 moja.