Binti yangu alikatiwa tiketi ya nywele

Kuna bustani ya michezo huku China, naanza kuipa nyota moja. Huko mbele inaweza kuongezeka au kupungua, sijui, maana kila nikikumbuka napanda hasira upya.

Ilikuwa likizo ya Mei Mosi, mwaka gani sikumbuki vizuri, ila mdogo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mwenye akili zake China hatoki nyumbani siku zile. Wenyewe wana msemo, milima ya watu, bahari ya watu, na hawatanii. Lakini dada mtu alikuwa ameona bembea kubwa kwenye simu ya mama yake, na mimi nilishaahidi. Tukapanda treni ya kasi kutoka Guangzhou Kusini, tukaenda kwenye bustani ya michezo ambayo jina lake silitaji.

Treni sina neno nayo. Tangu 2023 hawapimi tena urefu, wanaangalia umri: mtoto aliyetimiza miaka 6 na hajafika 14 unamkatia nauli ya mtoto, basi. Pasipoti yake inasema ana sita, nikalipa, sikunung'unika. Tulipofika, foleni haijasogea hata hatua kumi, kina mama watatu wakaja kumpiga picha binti yangu. Alikuwa kafungwa mabutu mawili juu ya kichwa, yamesimama vizuri, na mama yake alikuwa ameamka alfajiri kwa ajili hiyo. Mmoja akayagusa kwa kidole, polepole, kama anayejaribu maandazi kama yameiva. "Haokan, haokan," kapendeza. Tumeshazoea, nikacheka nao.

Sasa getini. Bustani hii inapima urefu. Chini ya mita 1.2 mtoto anaingia bure, akizidi analipa. Ukutani wamechora twiga mwenye mistari shingoni. Twiga, nembo yetu sisi Watanzania, ndiye aliyetumika kutusaliti. Binti yangu nyumbani nilimpima mwenyewe kwa futi ya fundi, 1.18. Akasimama pale kanyooka kama askari. Mkaguzi akaweka rula juu ya mabutu. Juu ya mabutu! Akasoma, akaniambia nilipe.

Nikamwambia kwa Kichina changu cha sokoni: kaka, hizo ni nywele, kichwa kiko huku chini. Nikabonyeza butu moja, likashuka, nikaliachia, likainuka. Watu nyuma wakacheka. Yeye hakucheka. Hakunitazama hata usoni, alikuwa anaangalia foleni iliyo nyuma yangu, na akatamka yale maneno mawili ambayo kila mgeni anayeishi China anayajua kabla hajajua kuagiza wali: "Mei banfa." Hakuna namna.

Mimi kazi yangu ni mizigo. Kutwa napima maboksi ya watu wa Kariakoo, CBM, yaani mita za ujazo, nazihesabu hata usingizini, na najua tunavyosemwa. Lakini sijawahi kumtoza mteja hewa iliyo juu ya boksi. Nywele zilezile dakika kumi nyuma zilipigwa picha bure, sasa zimekatiwa tiketi. Nilitaka kurudi nyumbani papo hapo. Mama watoto akanishika mkono, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Baba, lipa. Mtoto anakuangalia." Nikaskani, nikalipa.

Ndani, niseme haki, pasafi. Vyoo vinafagiliwa kila saa, maji ya moto yapo kila kona kama kawaida yao, na mama mmoja wa usafi alipoona mdogo analia alimkatia kipande cha tikiti maji lake mwenyewe bila kuulizwa. Kwa ajili ya yule mama nilikuwa tayari kupandisha hadi nyota tatu. Nne, hata.

Tukafika kwenye kile kitreni kinachopanda na kuporomoka, ambacho ndicho hasa binti alikifuata. Foleni saa nzima na nusu, jua la Guangdong mnalijua. Kufika mbele, twiga mwingine. Masharti: chini ya mita 1.2 haruhusiwi kupanda. Nikasema afadhali, tiketi ya nywele angalau itatufaa kitu. Dada wa pale, mpole kabisa, anatabasamu, akaweka kiganja juu ya mabutu, akayalaza yote mawili hadi kwenye ngozi ya kichwa, akasoma. 1.18. "Rafiki mdogo, bado kidogo. Njoo mwakani."

Yaani getini ni mrefu, alipie. Kwenye kitreni ni mfupi, asipande. Bustani moja, tiketi moja, mtoto mmoja!

Yule dada simlaumu, alipima kichwa na alikuwa analinda uhai wa mwanangu. Nilirudi getini peke yangu kudai hela yangu, nikimwomba mkaguzi ampigie simu mwenzake wa ndani wakubaliane mwanangu ana urefu gani. Mnajua alinijibu nini. Safari hii aliongeza kupunga mkono, kama anayefukuza inzi. Huo mkono ndio unaoniuma mpaka leo, wala si pesa. Nyota nazifuta zote, hata ya tikiti maji. Huyo mama nitamlipa mwenyewe nikimwona.

Tatizo ni kwamba binti alipanda vikombe vinavyozunguka mara nane, akalala kwenye treni hadi Guangzhou huku mdomo unanukia pipi, na tangu siku ile anauliza tutarudi lini. Mama yake keshakubali, nami sikuulizwa. Anasema siku hiyo atamsuka twende kilioni, zilale zote chini, tuone huyo twiga atasemaje.