Tathmini ya Housing Connect, Tovuti ya Nyumba za Gharama Nafuu New York

Tangu Machi 2016, Jiji la New York linapobadilisha masharti ya ujenzi ili kuruhusu maghorofa zaidi, mwendelezaji binafsi wa majengo hulazimika kutenga asilimia 20 hadi 30 ya fleti zake kwa kodi ya pango nafuu ya kudumu. Fleti hizo hutolewa kupitia Housing Connect, ambako kuomba ni bure na kila ombi hupewa namba ya foleni kwa bahati nasibu; uwazi huo naupongeza kwa dhati. Kinachonisikitisha ni kipimo chenyewe: kodi hupangwa kwa kipato cha kati cha familia za jiji zima na baadhi ya viunga vyake, kwa hiyo jengo likisimama Bronx Kusini, eneo la jiji lenye wakazi wengi wa kipato cha chini, familia iliyokulia mtaa huohuo yaweza kukuta kipato chake hakifikii hata kiwango cha chini kinachotakiwa.