Una hela ya diski moja? Sinema za Sidney Poitier, kuanzia ya kununua kwanza

Ukiwa na hela ya diski moja tu, nunua In the Heat of the Night ya mwaka 1967. Mwenye haraka anaweza kuishia hapa akaenda zake dukani, ila kabla ya kulipa asome ile sehemu ya ukanda huko chini (ukanda ni eneo la dunia ambalo diski imefungiwa), asije akarudi nyumbani na diski ambayo deki yake inaikataa.

Tuliobaki tukae. Orodha nyingi za sinema za Poitier, yule mwigizaji mweusi wa Hollywood, hupangwa kwa tuzo, kwa hiyo inatangulia Lilies of the Field, ile iliyompa Oscar. Mimi kigezo changu ni hasira. Poitier alikuwa fundi wa kumeza hasira: taya linakaza, sauti inashuka badala ya kupanda, macho hayapepesi. Sinema inayompa kitu kikubwa cha kumeza, na mara mojamoja ikamruhusu akiteme, hiyo utairudia hadi diski ichubuke. Inayomtaka awe malaika mwanzo mpaka mwisho utaiangalia mara moja, utaisifu, kisha itakaa kwenye rafu inakula vumbi.

Ya kwanza, bila mjadala

Virgil Tibbs ni mpelelezi wa mauaji kutoka Philadelphia. Anasubiri treni usiku katika stesheni ya mji mdogo wa Mississippi, na polisi wanamkamata kwa sababu kuna mtu ameuawa, na yeye ni mweusi mwenye hela mfukoni. Mkuu wa polisi Gillespie, yaani Rod Steiger, anatafuna bablishi sinema nzima kama mbuzi, na inambidi amwombe msaada mtu yuleyule aliyetaka kumtupa ndani.

Sehemu ya kuitazama kwa makini ni pale wanapokwenda kwa Endicott, tajiri wa pamba. Wanamkuta kwenye banda lake la vioo, katikati ya maua ya okidi. Mazungumzo ni ya upole kabisa, ya mizizi na mbolea, na ndani ya upole huohuo Endicott anapenyeza tusi: kwamba okidi ni kama mtu mweusi, inataka kutunzwa na kuvumiliwa. Tibbs anauliza swali la kipolisi. Endicott anamzaba kofi. Papo hapo, bila hata nafasi ya kuvuta pumzi, Tibbs anamrudishia. Sasa usimwangalie Poitier, mwangalie mtumishi mweusi aliyesimama pembeni na trei ya vinywaji. Mzee huyo anatikisa kichwa, na hujui anamsikitikia nani. Jina lake Jester Hairston, lishike, tutakutana naye tena.

Hadithi inasemwa ni ya Mississippi lakini sehemu kubwa ilipigwa Sparta, mji wa Illinois, kwa sababu Poitier alikataa kwenda kukaa Kusini. Hakuwa anadeka. Mwaka 1964 yeye na mwimbaji Harry Belafonte walipeleka fedha taslimu kwa wapigania haki za kupiga kura huko Greenwood, Mississippi, na gari la wabaguzi likawafukuza usiku. Sinema ilichukua Oscar 5, ikiwemo ya sinema bora na ya Steiger. Poitier hakuingizwa hata kwenye wanaoshindania.

Hii ndiyo ya kulipia toleo halali. Kopi yangu ya kwanza niliichukua kwa muuzaji wa mtaani: diski moja, muvi kumi na mbili, na juu ya kava Poitier kashikishwa bastola ya sinema nyingine kabisa. Picha ilikuwa imekatwa pembeni ili ijae kwenye zile TV za mraba. Kofi la kwanza nililiona. La pili lilitokea nje ya picha, nilisikia "pa!" halafu nikaona mzee kashika shavu. Miaka mingi nilikuwa nabishana na watu kuhusu kofi ambalo kwa kweli sikuwahi kuliona. Toleo la Blu-ray la kampuni ya Criterion lina picha kamili na safi, na kama una deki ya 4K lipo la Kino Lorber pia.

Jambo dogo kwa wanaohofia Kiingereza: humu hakuna DJ wa kukutafsiria, lakini Poitier mwenyewe anafuatika vizuri. Alikulia Cat Island, Bahamas, mtoto wa wakulima wa nyanya, akafika New York na lafudhi iliyofanya afukuzwe kwenye usaili wake wa kwanza wa maigizo. Alijifunza upya kutamka kwa kuwasikiliza watangazaji wa redio. Anaongea kama mtu anayesoma taarifa ya habari, neno kwa neno. Steiger na bablishi yake ndiye atakayekufanya uwashe maandishi ya chini.

Ya pili: A Raisin in the Sun (1961)

Kwa uigizaji mtupu hii naiweka juu kuliko ya kwanza. Nimeishusha kwa sababu ni tamthilia iliyohamishiwa kwenye kamera, karibu yote ndani ya nyumba moja ya kubana Chicago, na asiyependa maongezi mengi atasinzia. Hundi ya bima ya dola 10,000 inasubiriwa baada ya baba kufa. Mama anataka nyumba, binti anataka ada ya udaktari, na Walter Lee, yaani Poitier, dereva wa mzungu, anataka duka la pombe. Familia yoyote iliyowahi kugombea kiinua mgongo cha marehemu itajiona humo.

Poitier hapa si mtu wa suti na adabu. Analalamika, analewa, anapiga magoti, anatia aibu. Kuna asubuhi anamweleza mkewe ndoto zake, na jibu analopata ni kwamba ale mayai yake yanapoa. Uso alioufanya pale unatosha bei ya diski. Lorraine Hansberry aliyeiandika tamthilia ndiye aliyeandika pia maandiko ya filamu, na wengi wa waigizaji wa jukwaani, Claudia McNeil na Ruby Dee wakiwemo, walikuja nayo. Katika tamthilia Walter akiwa amelewa anaanza kucheza ngoma ya kujibunia na kumtaja Kenyatta kuwa ndiye mtu wake. Mwaka 1959, tamthilia ilipopanda jukwaani, Mzee alikuwa bado kifungoni.

Ya tatu: kasha la sinema nne, hasa kwa sababu ya moja

Warner waliwahi kutoa kasha la DVD liitwalo The Sidney Poitier Collection: Edge of the City, Something of Value, A Patch of Blue na A Warm December. Mara nyingi utalipata lililotumika. Kwa bei ya diski moja mpya unaweza kuondoka na nne, na mbili kati yake ni nzuri sana. Edge of the City (1957) ni ya wapakuzi wa mizigo New York, yeye na John Cassavetes, na sijui kwa nini haitajwi zaidi. A Patch of Blue (1965) ni ya msichana kipofu, na Shelley Winters anacheza mama mkatili kiasi kwamba walimpa Oscar. A Warm December inahusu mapenzi na ugonjwa wa selimundu. Iache ya mwisho.

Msomaji wa huku atataka Something of Value. Ni ya Kenya, sehemu yake ilipigwa Kenya, inahusu Mau Mau, na ilitoka 1957 hali ya hatari ikiwa bado haijaondolewa. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari mwaka huohuo. Usitegemee kuona vita vya ardhi kama tunavyovijua sisi. Kamera inakaa barazani kwa masetla, na viapo vinaonyeshwa kama uchawi wa kutisha. Lakini Poitier ndiye Kimani, kijana aliyekua pamoja na mtoto wa setla, Rock Hudson, na kuna kofi humo pia. Shemeji wa rafiki yake anamzaba. Kimani harudishi. Anameza, na usiku anaingia msituni.

Ukiziangalia hizi mbili kwa kufuatana, ya 1957 kisha ya 1967, utaelewa kwa nini watu walisimama kwenye viti walipoliona kofi la Tibbs. Lilikuwa deni la miaka kumi.

Poitier na Afrika Mashariki, kwa njia, hawakukutana kwenye sinema tu. Mwaka 1959 Tom Mboya alipokuwa akitafuta nauli za ndege ya kupeleka wanafunzi 81 kusoma Marekani, barua ya kuomba michango ilisainiwa na watatu: mcheza besiboli Jackie Robinson, Harry Belafonte na yeye.

Zinazofuata, kwa haraka

The Defiant Ones (1958): wafungwa wawili watoro, mweusi na mweupe, wamefungwa mnyororo mmoja. Tony Curtis yuko vizuri kuliko utakavyotarajia. Kwa hii Poitier akawa mwanamume mweusi wa kwanza kushindania Oscar ya mwigizaji mkuu. Mwisho wake una ubishi: anaruka kutoka kwenye treni ya kumwokoa ili asimwache mwenzake, na mwandishi James Baldwin aliandika kwamba watazamaji wa Harlem, mtaa wa weusi wa New York, walimpigia kelele apande tena, mpumbavu yule. Nami nakubaliana na Harlem, lakini nunua.

To Sir, with Love (1967): injinia kutoka Guiana ya Waingereza anakosa kazi London, anaishia kufundisha watoto watukutu wa East End. Ukiwa mwalimu, ipandishe hadi nafasi ya pili. Siku anayopandwa na hasira darasani ndiyo siku somo linapoanza kweli. Wimbo wake, ulioimbwa na Lulu wa Uskoti, utakukaa kichwani wiki nzima.

Guess Who's Coming to Dinner, ya mwaka huohuo, ndiyo inayouzwa zaidi na ndiyo ninayowaambia watu waisubirishe. Daktari Prentice, mweusi anayetaka kumwoa binti wa kizungu, hana kasoro hata moja. Mkwe wa namna hiyo hata kwetu mahari angesamehewa. Hasira yake inatoka mara moja tu, anapomkabili baba yake mzazi, na dakika hizo ni dhahabu. Mwenye sinema ni Spencer Tracy, anayecheza baba wa binti. Alipiga hotuba ya mwisho akiwa mgonjwa mahututi, akafariki tarehe 10 Juni 1967, na siku mbili baadaye mahakama kuu ya Marekani ikafuta sheria zilizokataza ndoa za weusi na weupe. Machozi ya Katharine Hepburn, mpenzi wa Tracy wa miaka mingi, unayoyaona kwenye hotuba ile si ya kuigiza.

Halafu Lilies of the Field (1963). Najua. Oscar, mwanamume mweusi wa kwanza, tarehe 13 Aprili 1964. Ni sinema tamu ya fundi mpitanjia anayewajengea masista kanisa kwenye jangwa la Arizona, na mtoto wa miaka sita anaweza kuitazama na bibi yake. Ila haimsumbui Poitier hata kidogo. Hata ule wimbo wa "Amen" anaowafundisha masista si sauti yake: ni ya Jester Hairston, yule mzee wa trei.

Ukishazimaliza hizo, tafuta Buck and the Preacher (1972), aliyoiongoza mwenyewe akiwa farasini na Belafonte, na The Wilby Conspiracy (1975), ya kukimbia makaburu, ambayo ilipigwa Kenya kwa kuwa Afrika Kusini isingewezekana. Hadithi ni ya kawaida, lakini utatumia nusu ya muda kutambua barabara.

Ukanda, kabla hujatoa hela

DVD za Marekani ni ukanda wa 1. Uingereza na Ghuba ni 2. Kenya, Tanzania na Uganda tumewekwa 5, ambako sinema hizi ni nadra kukuta zimetolewa rasmi. Deki nyingi za bei nafuu hazijali namba hizo, lakini kompyuta inajali: inakuruhusu kubadilisha ukanda mara tano, kisha inajifunga moja kwa moja. Blu-ray ni herufi: Marekani A, Ulaya na Afrika B. Criterion ya Marekani ni A, na deki iliyonunuliwa Dubai au London mara nyingi ni B tupu. Mwombe muuzaji akusomee herufi nyuma ya kava. Diski za 4K hazina ukanda.

Ukiona toleo la Ulaya la DVD linasema dakika 105 na la Marekani 110, usidhani limekatwa. PAL, mfumo wa TV wa Ulaya, unakimbiza picha kidogo, basi.

Na Porgy and Bess ya 1959 usiinunue popote. Haijawahi kutolewa rasmi kwa DVD wala Blu-ray. Ukiikuta kwenye kava linalong'aa, na muuzaji anakuapia ni "orijino", muulize kama anayo na ile ya kofi.