Bibi hayumo kwenye orodha: uzoefu wangu na shule ya bweni ya kimataifa

Nilijiapiza nisiandike kitu mpaka hasira zipoe. Arobaini ya mama yangu imeshapita na hazijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Mwanangu yuko mwaka wa kwanza wa Diploma ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari), katika shule ya bweni ya kimataifa huko kaskazini. Jina la shule nalihifadhi kwa sababu mtoto bado yuko mle ndani. Habari za masomo sita, alama 45 na ada ya dola mtazikuta popote. Mimi nina jambo moja.

Mwaka huu wa masomo shule ilikuja na mapya mengi: bweni jipya la wasichana, maabara mpya, na mpango walioupa jina la ustawi wa mwanafunzi. Siku ya wazazi tulielezwa huo ustawi kwa muda mrefu. Kila bweni lina mshauri nasaha, simu zinakusanywa usiku watoto walale, na ruhusa zote za kutoka zinaombwa kwenye aplikesheni. Mambo ya kumpigia matroni yamekwisha. Nilipiga makofi. Mtoto wa kike akiwa mbali, unataka geti liwe gumu.

Mama yangu alifariki alfajiri, katikati ya wiki, nyumbani Tanga. Mtoto huyu alilelewa naye tangu ana miezi minane hadi darasa la nne, mimi nikihangaika na maisha Dar. Maziko yakapangwa baada ya sala ya alasiri, kama ilivyo kwetu, maiti hakawizwi. Kaka yangu anaishi Moshi, akawasha gari kabla jua halijachomoza. Tulipiga hesabu: akimchukua mtoto saa mbili asubuhi, saa nane au tisa wameshafika Tanga.

Nikafungua ile aplikesheni, shangazi zangu wakitandika majamvi uani. Sababu ya ruhusa: msiba. Marehemu ni nani wa mwanafunzi? Nikapewa nichague: mzazi, ndugu wa kuzaliwa, mlezi wa kisheria, mengineyo. Bibi hayumo. Nikabonyeza mengineyo, nikajibiwa kwamba ombi langu litapitiwa ndani ya saa 48.

Saa 48, na mama yangu anazikwa saa kumi!

Nikapiga simu mapokezi. Dada wa watu akanipa pole, akasema kibali kinatoka kwenye mfumo, yeye hana uwezo. Kisha akaniuliza kama bibi alikuwa mlezi wa mtoto kwa karatasi za mahakama. Mama yangu hakuwahi kukanyaga mahakamani maisha yake yote. Nikaomba kuongea na msimamizi wa huo mpango wa ustawi. Nilisubiri sana. Alipokuja aliongea taratibu, kwa upole, akaniambia ruhusa za haraka ni za familia ya karibu, na kwamba mtoto ana jaribio la kemia mchana. "Labda itamsaidia akiendelea na ratiba yake. Anaweza kuja wikiendi."

Nikamuuliza, wikiendi aje kumwona nani? Akanyamaza.

Huyo mama msimamizi si mgeni. Ni Mtanzania mwenzangu, ana bibi, au alikuwa naye. Angekuwa Mzungu aliyeshuka juzi uwanja wa ndege ningesema hajui. Hili ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo.

Kaka yangu aligoma kuondoka getini. Mwanzoni aligombana na mlinzi, baadaye akamwomba radhi, maana yule kijana alishawapigia ofisini mara tatu kwa hiari yake. Saa sita na nusu mtoto akatoka. Aliyemtoa ni matroni, aliyekwenda mwenyewe kwa mkuu wa shule akakaa mlangoni mpaka karatasi ikasainiwa. Wakaingia Tanga magharibi.

Kwetu wanawake hatuendi makaburini. Kuaga kwetu ni pale nyumbani, kabla jeneza halijanyanyuliwa, unafunuliwa uso ukamtazama mtu wako mara ya mwisho. Mwanangu alikuta majamvi na harufu ya udi. Aliingia chumbani kwa bibi yake, akajifunika kanga yake, hakusema neno mpaka kesho yake mchana.

IB ina sifa kumi inazotaka mwanafunzi awe nazo, na mojawapo ni kujali. Sifa hizo zimebandikwa ukutani pale mapokezi. Nilizisoma siku ya kumwandikisha, nikafurahi.

Kwenye matanga nilishaamua kumhamisha. Ukweli lakini niuseme wote. Matroni alimpigia kila jioni kwa simu yake mwenyewe, na aliporudi alilala chumba kimoja naye siku mbili. Halafu wana maonyesho ya somo la Nadharia ya Maarifa, mwanafunzi anachagua vitu vitatu aeleze vinavyohusiana na swali moja kuhusu kujua. Mwanangu alichukua ile kanga. Mwalimu wake, kijana kutoka nje, alikaa naye akamuuliza jina la kanga lina maana gani, nani huchagua jina, kwa nini mtu aseme kwa nguo asiseme kwa mdomo. Nilipomsikiliza mwanangu akieleza mbele ya watu, nililia, na nikajua simhamishi.

Kwa hiyo mkiniuliza kama mlete watoto: kwa walimu, ndiyo, leteni. Kwa yule matroni, ndiyo mara mbili. Ila huo mpango wa ustawi, hapana, na kila nikikumbuka neno "wikiendi" nataka kuifuta hata ile ndiyo niliyotangulia kusema. Anayemleta mtoto, siku ya kwanza kabisa amwandikishe bibi na babu kama walezi, kwa maandishi, asingoje.

Niliwaandikia barua. Wakajibu kwamba wanalifanyia kazi. Bibi yake mzaa baba yuko Pangani, ana presha, mwezi huu kalazwa mara moja. Jana usiku nimefungua ile fomu nione. Mzazi, ndugu wa kuzaliwa, mlezi wa kisheria, mengineyo.