Magari ya umeme kwa mnunuzi wa Dar na Nairobi: tumeyapanga kwa kuangalia betri kwanza

Jirani yangu aliniomba nimsindikize kwenye yadi moja ya magari hapa Dar es Salaam, akiwa amekwisha kuipenda Nissan Leaf ya 2015, nyeupe, ambayo viti vyake havikuwa na hata doa. Kwenye dashibodi, upande wa kulia, vile vijiti kumi na viwili vinavyoonyesha uwezo wa betri vilikuwa vimewaka vyote, jambo ambalo kwa gari la umri ule linapaswa kumtia mtu wasiwasi. Tuliomba kuliendesha. Kutoka Mwenge hadi Bunju na kurudi, kilomita kama 45, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, chaji ilishuka kutoka asilimia 100 hadi 40. Maana yake ni kwamba betri iliyojaa ingelifikisha gari lile kilomita 75 tu, ilhali lilipokuwa jipya lilipimwa Marekani likapewa kilomita 135. Muuzaji alisema ni foleni, kana kwamba gari la umeme hunguruma na kunywa mafuta likiwa limesimama. Ukweli ni kwamba kompyuta inayosimamia betri ya Leaf inaweza kufutwa kumbukumbu zake ikaanza kuhesabu upya, vijiti vikarudi vyote, kisha vikaanza kuzimika kimoja kimoja mikononi mwa mnunuzi.

Kwa sababu hiyo, mpangilio huu unaangalia mambo matatu: betri inapoozwa vipi, kemikali iliyomo inastahimili joto kiasi gani, na gari linafika wapi kwa kweli. Betri ndiyo sehemu ya bei kubwa kuliko zote, na ikichoka au ikiharibika, hakuna gereji ya mtaani itakayoifungua kwa usalama.

Kuhusu umbali, mnunuzi aanze kwa kujua kwamba gari moja linaweza kuwa na namba nne. Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40 (kilowati-saa ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi), iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2017, ilitangazwa huko kuwa inakwenda kilomita 400 kwa kipimo cha zamani cha JC08, kisha 322 kwa kipimo kipya cha Kijapani, 270 kwa kipimo cha Ulaya na 243 kwa kipimo cha Marekani. Magari yetu mengi yanatoka Japani, kwa hiyo dalali atakutajia ile ya 400. Mimi huanza na 243. Kama afya ya betri, yaani uwezo uliobaki ukilinganisha na ilipokuwa mpya, ni asilimia 85, unapata kilomita 206. Acha akiba ya asilimia 15, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili anayesubiri chaji iishe barabarani, zinabaki 175. Ondoa sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kiyoyozi cha mwezi wa Januari, na mkononi una kilomita zisizofika 160. Hizo zinatosha kwenda Bagamoyo na kurudi, lakini hazikufikishi Morogoro bila kuchaji njiani.

Milima nayo inadai chake. Gari lenye uzito wa kilo 1,800 pamoja na abiria, likipanda kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, linapandisha uzito huo mita 1,700 hivi, na kazi hiyo peke yake inahitaji zaidi ya kilowati-saa 8, sawa na karibu kilomita 50 za barabara tambarare. Wakati wa kuteremka gari hurudisha sehemu ya umeme huo kwenye betri kwa njia ya breki zake. Ndiyo maana madereva wawili wa gari la aina moja, mmoja akishuka kwenda Mombasa na mwingine akipanda kwenda Nairobi, watakupa hadithi mbili tofauti na wote wakawa wakweli.

Nafasi ya kwanza: BYD Atto 3

Kwa mwenye uwezo wa kununua gari jipya, au lililotumika kwa muda mfupi, hili ndilo ninaloliweka juu. Betri yake ya kilowati-saa 60.48 imetengenezwa kwa chuma na fosfeti, aina ambayo mafundi huiita LFP, na kampuni ilizitambulisha seli zake (vipande vinavyounganishwa kuunda betri), ndefu na nyembamba, mwaka 2020 kwa jaribio la kuzitoboa kwa msumari bila kushika moto. Tusidanganyane kwamba betri ya namna hii haiwezi kuungua. Kinachoitofautisha na zile za nikeli, manganizi na kobalti ni kwamba inahitaji joto kubwa zaidi kabla ya seli kuanza kujichoma zenyewe, na ikifika huko hutoa joto dogo zaidi. Kipimo cha Ulaya kinaipa kilomita 420, na ukitumia hesabu yangu ya hapo juu bado una gari la kutoka Dar hadi Morogoro kwa utulivu. Kasoro yake ni kwamba betri ya LFP huwa ngumu kusomeka kiwango chake, hivyo inapaswa kujazwa hadi asilimia 100 mara kwa mara ili kompyuta isipoteze hesabu.

Angalia pia usukani na tundu la kuchajia. Magari ya Kichina yaliyokusudiwa soko la China yana usukani wa kushoto na tundu la GB/T, yaani la kiwango cha China, ambalo plagi za chaja nyingi za haraka za kwetu haziliingii. Kwa msomaji wa Kigali, Bujumbura au Bukavu, usukani huo ndio unaofaa. Kwa wa Dar au Nairobi, bei nafuu ya gari la namna hiyo ni mtego.

Nafasi ya pili: Hyundai Kona yenye kilowati-saa 64, kwa sharti

Gari hili linakuja kwetu likiwa limetumika Uingereza, lina usukani wa kulia, betri yake inapoozwa kwa kimiminika, na lilipotoka lilipewa kilomita 449 kwa kipimo cha Ulaya. Kwa umbali, ni miongoni mwa yanayoongoza kati ya magari yaliyotumika ya bei ya kati. Sharti linatokana na historia yake. Baada ya Kona kadhaa kuwaka moto, baadhi yakiwa yameegeshwa tu, Hyundai iliyaita magari yapatayo 82,000 duniani mwaka 2021, mengi yakiwa Kona, ili yabadilishiwe betri, kwa sababu baadhi ya seli zilizotoka kiwanda cha LG zilikuwa na sehemu iliyokunjika ndani ambayo ingeweza kuunganisha upande chanya na hasi. Kasoro ya jamii hiyo iliikumba pia Chevrolet Bolt, na General Motors ikawaambia wamiliki waegeshe magari nje, mbali na nyumba, mpaka yatengenezwe. Kwa hiyo Kona ya miaka ya mwanzo inunuliwe ikiwa tu muuzaji ana karatasi inayoonyesha kwamba betri ilibadilishwa, na wewe mwenyewe umeingiza namba ya chesi kwenye tovuti ya mtengenezaji ukaona kwamba hakuna mwito wa usalama uliobaki wazi. Pasipo karatasi hiyo, gari hili linatoka nafasi ya pili na kwenda nje ya orodha kabisa.

Nafasi ya tatu: Nissan Leaf ya kilowati-saa 40 au 62

Hili ndilo gari ambalo wasomaji wengi watalinunua, kwa sababu limejaa minadani Japani na bei yake inafikika. Bodi ni imara, fundi anayelijua anapatikana, na kwa mizunguko ya mjini ni gari la raha. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba betri yake haina mfumo wa kuipooza, si maji wala gesi ya kiyoyozi. Inategemea hewa tu. Leaf za kwanza zilipofika Phoenix, Arizona, wamiliki walianza kupoteza vijiti vya uwezo ndani ya muda mfupi, mpaka kampuni ikalazimika kuongeza dhamana ya uwezo wa betri. Dar es Salaam haifiki joto la Arizona, lakini joto letu halina msimu wa baridi wa kuipumzisha betri, na gari linaloegeshwa juani Kariakoo kutwa nzima linazeeka haraka kuliko lenzake la Limuru.

Ukosefu huo wa kupoozwa unaonekana pia safarini. Mtu akichaji haraka mara moja, akaendesha kwa kasi, akachaji haraka tena, betri inakuwa imepata moto na gari lenyewe linapunguza kasi ya kupokea umeme, kiasi kwamba kituo cha pili kinaweza kuchukua muda mrefu zaidi ya maradufu. Aidha, mwaka 2024 Nissan iliziita zirekebishwe Leaf za 2019 na 2020 zilizouzwa Marekani kwa sababu betri zake zingeweza kupata joto la kupindukia wakati wa kuchaji haraka. Ushauri wangu kwa mwenye Leaf ya miaka hiyo, hata kama ilitoka Japani, ni kwamba achaji nyumbani taratibu, na chaja ya haraka aiache kwa dharura.

Ya 62 ina kilomita 364 kwa kipimo cha Marekani, na tofauti yake na ya 40 inastahili fedha ya ziada kwa mtu anayetoka nje ya mji kila mwezi. Kwa anayezunguka Mikocheni, Posta na Mbezi, ya 40 inatosha.

Kuipima si kazi ngumu. Nunua kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, uweke programu ya Leaf Spy kwenye simu, kisha usome afya ya betri kwa asilimia na tofauti ya volti kati ya seli dhaifu na seli yenye nguvu. Kijiti cha kwanza huzimika baada ya kupotea karibu asilimia 15 ya uwezo, kwa hiyo vijiti 12 havimaanishi betri mpya. Na kwa kuwa hata asilimia hiyo inaweza kudanganya baada ya kompyuta kufutwa, fanya tulichofanya sisi: liendeshe kilomita 40 au zaidi, ugawanye. Muuzaji anayekataa safari hiyo amekwisha kukujibu.

Nafasi ya nne na ya tano

BMW i3 inapoozwa kwa gesi ya kiyoyozi, na betri zake huzeeka kwa heshima. Ile ya kilowati-saa 42 ina kilomita 246 kwa kipimo cha Marekani. Ningeliweka juu zaidi kama si bodi yake ya nyuzi za kaboni, ambayo mnyooshaji wa kawaida hawezi kuigusa, na matairi yake membamba ya inchi 19 ambayo utayatafuta Dar nzima. Nissan Sakura, iliyotoka 2022, ni gari dogo la kilowati-saa 20 na kilomita 180 za Kijapani. Ondoa theluthi moja. Linafaa kupeleka watoto shule na kwenda sokoni, likiwa gari la pili nyumbani.

Nafasi ya mwisho: Leaf ya 24 na ya 30, na Mitsubishi i-MiEV

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lililozidi miaka minane, hivyo mnunuzi wa Nairobi atayakuta yale tu yaliyokwisha kuingia. Tanzania yanaingia, yakilipiwa ushuru wa uchakavu, na wengi huvutwa na bei bila kujua kwamba i-MiEV ilikuwa na kilomita 100 tu kwa kipimo cha Marekani ilipokuwa mpya.

Kabla ya kulipa, na baada ya kulifikisha nyumbani

Liinue gari uangalie chini. Betri imelala sakafuni, na matuta yetu hayana huruma. Kifuniko kilichobonyea, kilichopasuka au kilichochomelewa ni sababu ya kuondoka. Gari lililozama ni hivyo hivyo, hasa kwenye maji ya chumvi: baada ya kimbunga Ian huko Florida mwaka 2022, magari ya umeme yaliyofunikwa na maji ya bahari yalishika moto baadaye, mengine yakiwa yamekwisha kuvutwa. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Tope hujificha pale.

Nyumbani, hatari iliyo karibu zaidi ni soketi. Kuchaji kwa ampea 10 kunatoa takribani kilowati 2.3 kwa saa nyingi mfululizo, mzigo ambao pasi au birika haiubebi kwa muda huo. Mwendo wa kilomita 50 kwa siku unarudishwa kwa saa nne hivi, usiku. Tumia soketi yenye waya wake kutoka kwenye swichi kuu, yenye waya wa ardhi uliopimwa, na usitumie ekstensheni kamwe. Baada ya saa moja, shika plagi kwa kiganja: kama huwezi kuendelea kuishika, zima, umwite fundi. Kebo ya Kijapani iliyoandikwa volti 100 peke yake usiichomeke kwenye umeme wetu wa volti 230. Ukiona moshi au ukasikia mlio wa kufukuta chini ya gari, usitafute kizima-moto. Toa watu, simameni mbali upande upepo unakotoka kwa kuwa moshi ule una sumu, na upige 114 kwa Tanzania au 999 kwa Kenya, ukiwaambia wazima-moto mapema kwamba ni gari la umeme.

Jirani yangu hatimaye aliinunua ile Leaf ya 2015, kwa bei iliyopungua sana baada ya kumwonyesha muuzaji hesabu ya kilomita 75. Kazini kwake na kurudi ni kilomita 28. Ameiegesha chini ya mwembe, anaichaji kuanzia saa nne usiku, na fundi wake wa sola tayari amemuuliza ataiuza lini betri.