Alama za PFF kwa wazuiaji wa mechi za Agosti: soma idadi kabla ya alama

Anayekesha Unguja au Pemba kutazama mechi za maandalizi za NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, hukutana na tabu moja: watu watano wanaomlinda kwotabeki, yaani mrusha pasi, hawatajwi mpaka aangushwe. Mkimbiaji ana yadi zake na mpokeaji ana pasi zake, lakini wazuiaji hao watano, yaani senta wa katikati, magadi wawili wa kandoni mwake na mateko wawili wa nje, hawana takwimu ya kawaida inayowahusu. Pengo hilo ndilo wanalolijaza PFF (Pro Football Focus), kampuni inayouza alama za wachezaji. Wakaguzi wao humwangalia kila mchezaji katika kila tukio, tangu mpira unapotolewa mpaka filimbi, na kumpa kati ya −2 na +2 kwa hatua za nusu. Sifuri maana yake kafanya kazi aliyotegemewa, basi. Jumla yake hugeuzwa kuwa kipimo cha 0 mpaka 100, na hicho ndicho unachokiona ukifungua ukurasa wa timu.

Kwa msimu wa mechi 17 huduma hii ni nzuri. Kwa Agosti inataka tahadhari, na sababu ya kwanza ni hesabu tu. Teko wa akiba anaweza kulinda pasi 15 katika mechi nzima. Akipitwa mara 2, hiyo ni zaidi ya asilimia 13 na alama yake inaporomoka. Makosa hayo hayo kwa teko wa kudumu, anayelinda pasi mia tano na zaidi kwa msimu, hata hayaonekani. Kwa hiyo kabla ya kuitazama alama, tazama safu ya idadi ya matukio. Ikiwa chini ya 20, ichukue kama fununu.

Sababu ya pili ni nani aliyesimama mbele yake. Kila timu huingia kambini na wachezaji 90, na mwisho wa Agosti hubakisha 53. Robo ya nne ya mechi hizi huchezwa na watu ambao wengi wao hawatavaa jezi hiyo tena mwezi wa Septemba. Ni kama Kombe la Mapinduzi pale timu kubwa ya bara inapotuletea kikosi cha vijana: ushindi ni ushindi, lakini hakuna anayeuchukulia kuwa kipimo cha ligi. Alama ya 80 ya robo ya nne na ya 65 ya robo ya kwanza si za kulinganishwa. Mimi ningeichukua hiyo 65.

Kuna na la tatu, ambalo wengi hulisahau. Makocha wa ulinzi hawaonyeshi silaha zao Agosti. Hawatumi mara kwa mara wavamizi wa ziada, yaani walinzi wa kumkimbilia kwotabeki, wala wavamizi wao hawabadilishani njia sana, yaani yule wa ndani kukimbilia nje na wa nje kuingia ndani. Kukabidhiana wavamizi kati ya gadi na teko ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwenye safu ile, na mechi za maandalizi haziipimi vya kutosha. Wakikabidhiana vibaya, kosa la mmoja linaweza kuandikwa kwa mwenziwe, kwani mkaguzi wa nje hajui kocha alimwagiza nani amchukue nani.

Kinachosaidia sana kwenye huduma yenyewe ni kutenganisha ulinzi wa pasi na uzuiaji wa mbio, na ile hesabu inayoondoa pasi za haraka, skrini (pasi fupi kwa mtu aliye nyuma ya wazuiaji) na pasi za kuigiza mbio. Hizo humficha mzuiaji dhaifu, maana mpira umeshatoka kabla hajapitwa. Kinachokera ni kwamba alama za mwanzo hubadilika baada ya ukaguzi wa pili, kwa hiyo usizipeleke barazani asubuhi yake kuanzisha ubishi.

Alama iwe ya kukuonyesha nani wa kumtazama. Kazi nyengine ni ya macho. Rudisha picha sekunde kumi na utazame tukio mara tatu: mara ya kwanza mateko wawili, mara ya pili wale watatu wa ndani, mara ya mwisho matokeo. Kwa teko wa kushoto anza na mguu wa kushoto. Hatua ya kwanza irudi nyuma kwa pembe, si pembeni moja kwa moja. Akienda pembeni mno anaacha njia wazi kwa ndani. Akichelewa, anazungukwa kwa nje na kugeuka kumfukuza mtu. Kisha mikono: viganja vifike kifuani mwa mvamizi kabla ya vya mvamizi kumfikia yeye. Vikitua mabegani au nje ya bega, hapo ndipo kosa la kushika linapozaliwa, na adhabu yake ni yadi 10. Mwisho kiuno. Akisukumwa, magoti yakinyooka ameshashindwa, hata kama kwotabeki aliwahi kurusha.

Kwenye mbio tazama wale wanaozuia wawili kwa mmoja. Mmoja anatakiwa amwache mwenziwe na kupanda kwa mlinzi wa mstari wa pili. Wageni wa ligi hung'ang'ania mno, na huyo wa pili anakuja kumkamata mkimbiaji bila kuguswa.

Kamera ya pembeni huwafunika gadi na senta, na mikono yao haionekani kabisa. Subiri marudio ya kamera ya nyuma ya kwotabeki. Na usishushe ubora wa picha ili kuokoa bando, namba za jezi hazitasomeka.

Mfano wa kumpa subira mtu: Jordan Mailata, Muaustralia wa raga mwenye sentimita 203, alichaguliwa na Philadelphia Eagles 2018 akiwa wa 233 katika mgao wa wachezaji wapya wa ligi, hajawahi kucheza mchezo huu hata siku moja. Agosti ile alionekana mechi za maandalizi. Mechi ya msimu hakuigusa mpaka 2020, kisha akawa teko wa kushoto wa kudumu. Kwa mtu wa namna hiyo, linganisha mechi ya kwanza na ya tatu ya Agosti, mguu kwa mguu.

Mechi za mashariki mwa Marekani zinazoanza saa moja jioni kwao, kwetu ni saa nane usiku na huisha karibu na alfajiri. Za pwani ya magharibi huanza kwenye saa kumi na moja alfajiri. Hizo ziachie marudio.