Tarangire wakati wa kiangazi: nyota tano zangu ni za mwongozaji

Kama unapanga kwenda Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, usianze kwa kuuliza gari lina friji au paa linafunguka. Uliza atakayeshika usukani ni nani. Nimeingia humo na waongozaji tofauti, na hakuna kilichobadilisha safari zangu kama wao.

Ninayemsifu hapa alitupeleka Septemba, kiangazi kimekolea. Msimu huo Mto Tarangire ndio tegemeo la wanyama wa eneo zima, hivyo tembo, nyumbu na pundamilia hujazana kandokando yake. Akasimamisha gari, akazima injini, akapunguza sauti ya redio ya upepo. Mbele yetu, mahali mto ulipokauka, palikuwa na familia ya tembo. Jike mmoja mkubwa alikuwa akichimba mchanga kwa mguu wa mbele. Aliingiza mkonga shimoni, akautoa na tope, akalimwaga pembeni, akachimba tena, mpaka maji yaliyochujwa na mchanga yakapanda. Ndipo akanywa. Mtoto wake naye akajaribu. Mkonga haukufika, akapiga magoti mpaka ukafika. Walipoondoka, nyani wakashuka ukingoni kunywa kwenye shimo lile lile.

Mwongozaji alisema machache, tena kwa wakati wake. Kundi huongozwa na jike mzee anayekumbuka maji yalipo. Mimba ya tembo huchukua takriban miezi 22, kwa hiyo mtoto yule alikuwa amesubiriwa sana. Mibuyu iliyobanduliwa magome, tuliyoipita asubuhi, ni kazi ya tembo wanaotafuta unyevu ndani yake. Na mvua zikinyesha, nyumbu wengi hutoka nje ya hifadhi kwenda kuzaa kwenye nyanda za Simanjiro, ambako nyasi zina madini wanayohitaji majike wanaonyonyesha. Hifadhi ina kilomita za mraba 2,850 hivi, na bado nyumbu hawawezi kuishi mwaka mzima ndani ya mipaka yake. Suala la kulinda shoroba, yaani njia wanazopita wanyama kati ya eneo moja na jingine, nilikuwa nimelisikia mara nyingi kwenye taarifa za habari. Pale mtoni ndipo liliponiingia.

Na kampuni nyingine, nisiyoitaja, redio haikunyamaza kutwa nzima. Tulikimbizwa kwa simba, tukakuta magari yamebanana, injini zinanguruma, simba ametupa mgongo. Tukapiga picha, tukaondoka mbio kumfuata chui. Jioni nilikuwa na orodha ndefu ya wanyama, na sikuweza kusimulia hata mmoja alikuwa akifanya nini. Naamini wageni wengi hurudi nyumbani hivyo, na inaniuma, kwa sababu wanyama ni wale wale na barabara ni zile zile.

Mbung'o wapo, hasa sehemu zenye vichaka, kwa hiyo epuka nguo za bluu na nyeusi. Darubini iwe ya kila mtu, maana ya kupokezana inachosha.

Ukiweka nafasi, iambie kampuni mapema kwamba mko tayari kukaa sehemu moja muda mrefu. Wengi hukimbizana wakidhani kila mgeni anataka kuwaona wote wale watano wakubwa: simba, chui, tembo, nyati na faru. Wetu alituuliza langoni, kabla hata hajawasha gari, tunapenda kujua nini. Nitamwomba yeye tena, safari hii mvua zikianza, nyumbu wanapoanza kuondoka na ndege wahamaji wakiwa wamefika.